Kompadre wa Kabuchai

Alhamisi, 1 Septemba 1949. Kitale.

Nimeanza shajara. Nimepata daftari la maziwa ambalo Bwana Ndevu alilitupa baada ya ng'ombe kulikanyaga. Kurasa za nyuma ni safi, isipokuwa alama moja ya kwato. Mtu mkubwa huandika mambo yake. Na mimi si mdogo: Hilari Wekoye, karani wa maziwa katika shamba la Bwana Ndevu, miaka ishirini na tisa, kofia ya helmeti moja, viatu jozi moja, mke bado.

Hilo la mke ndilo jambo lenyewe. Namtaka Agneta, binti wa Mzee Mukhisa wa Kabuchai. Mwaka jana nilianguka na baiskeli katika matope ya soko la Bungoma. Watu wote walicheka. Agneta alicheka kuliko wote, lakini ndiye aliyeniokotea kofia na kuipangusa kwa khanga yake. Tangu siku hiyo sijapona.

Shida ni Nyongesa. Fundi wa cherehani, anashonea kwenye baraza la duka la Mhindi pale Bungoma. Naye anamtaka. Yeye anafika Kabuchai kila Jumapili, na mimi niko huku Kitale na ng'ombe. Mzee Mukhisa ametuambia sisi wawili tungoje. Ati hawezi kuwa na mambo mawili kichwani kwa wakati mmoja. Kwanza mtoto wake wa mwisho abatizwe, tarehe kumi na nane, ndipo aseme nani atamwoa Agneta. Siku kumi na saba! Lazima nibuni kitu.

Ijumaa, 2 Septemba.

Nimepata dawa. Ni neno!

Bwana Ndevu ni Kaburu, lakini hakukulia kwa Makaburu. Alilelewa Argentina, ng'ambo ya mbali, wanakosema Kihispania, akichunga ng'ombe juu ya farasi. Kihispania chote kimemtoka sasa, yamebaki matusi na neno moja: kompadre. Leo nimelifanyia uchunguzi kutwa nzima. Asubuhi alikuja daktari wa mifugo. Kompadre! na kofi la mgongoni. Saa nne mkokoteni ukakwama matopeni. Akaenda kwa yule maksai wetu Jemadari, akamshika sikio, akamwambia kompadre, taratibu, kwa sauti ya kubembeleza. Saa sita akaja askari kuuliza habari za mbwa wasio na leseni. Kompadre tena, mara tatu, na kikombe cha chai. Jioni Bwana akajikwaa kwenye ndoo akapiga kelele kompadre! Hapo sijui alikuwa anamwita nani, labda ndoo.

Nikavua kofia nikamwuliza maana yake. Alifurahi kama mtu aliyeulizwa habari za mama yake. Akanieleza kwa Kiswahili chake cha shamba. Kule kwao mtu akimsimamia mtoto wa mwenzake kwenye ubatizo, yeye na baba wa mtoto wanakuwa kompadre. Baba wa pamoja. Watu wakalipenda neno hata wakaanza kuitana hivyo njiani, dukani, kwenye pombe, kila rafiki na rafiki yake. Lakini kompadre wa kweli kweli ni wa ubatizo. Na kompadre hamnyimi kompadre kitu. Akiomba farasi, anapewa farasi. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa na kompadre, na kulikuwa na jambo la farasi. Hapo akageuka, akautazama mlima Elgon muda mrefu.

Mimi sikuwa na haja ya farasi. Hawanyimani kitu! Nilimwaga maziwa nusu ndoo kwa furaha.

Mpango ni huu. Nitamsimamia mtoto wa Mukhisa. Nitakuwa kompadre wake, tena wa ubatizo, si wa njiani. Kisha papo hapo, mbele ya watu, namwomba Agneta. Ataninyimaje?

Nilimweleza Kibiwott, mkamuaji wetu, mtu wa kule juu mlimani. Hakusimamisha mikono. Alikamua mpaka ndoo ikajaa, ndipo akaniuliza, na mtoto huyo atakuita nani? Nikamwambia ataniita baba, hiyo ndiyo heshima yenyewe. Akasema haya. Kibiwott ni mtu mzuri lakini hana akili ya mipango.

Jumapili, 4 Septemba. Kabuchai.

Nilimwambia Bwana Ndevu shangazi yangu ni mgonjwa sana. Nikapanda lori la mahindi jana, nikalala Bungoma, leo asubuhi nikatembea hadi Kabuchai na viatu mkononi, nikavivaa langoni.

Nani niliyemkuta? Nyongesa! Amechuchumaa uani na futi yake shingoni, anampima mtoto kanzu ya ubatizo. Bure! Hataki kitu! Na wala sijakaa, Mzee Mukhisa ananiambia ati alikuwa amemwomba Nyongesa awe msimamizi wa mtoto.

Moyo ulianguka hadi kwenye soksi.

Lakini Mungu si Athumani. Nyongesa mwenyewe alikuwa amekataa! Alisema, macho chini, ati yeye ni mutu ya sindano tu, bana, na jambo kubwa kama hilo linataka mutu ya kalamu. Na akanitaja mimi. Kwa jina! Mimi Wekoye! Akasema hakuna mwingine Kabuchai yote anayefaa kuwa baba wa mtoto huyu kama karani. Nilitaka kumkumbatia kwa huruma. Mtu anaweza kushona suruali miaka kumi na bado asijue pa kutokea.

Nikashika nafasi hapo hapo. Nikamweleza Mzee Mukhisa habari ya kompadre: watu wa ng'ambo wenye ng'ombe elfu kumi, ubatizo, kutonyimana. Lilimwingia. Alilirudia mara sita, akilionja. Akamwita jirani yake aliyekuwa akipita, Kompadre! Jirani akakimbia kuja, akidhani kuna moto. Mukhisa akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, wewe Wekoye ni mutu ya maana sana, nilikuwa sijui.

Agneta alikuwa akipepeta mtama karibu. Alipogeuka kunitazama alitikisa kichwa polepole, mara mbili, na ungo umesimama mikononi. Haya ya msichana. Ananipenda, hakuna shaka.

Jumamosi, 10 Septemba. Kitale.

Kikwazo. Padri wa Kabuchai anataka barua kutoka kwa padri wa huku, kwamba mimi ni Mkristo safi. Padri wa huku akaniuliza niliungama lini mara ya mwisho. Nikasema juzi juzi. Akafungua kitabu chake. Ilikuwa Pasaka ya mwaka arobaini na saba!

Basi nimeungama. Ilichukua muda. Nilipofika kwenye lile la shangazi mgonjwa, padri aliuliza kama shangazi huyo ni yule yule niliyemzika mara mbili mwaka jana ili nipate likizo. Bwana Ndevu na padri wanakunywa kahawa pamoja, sikujua. Malipizi: kupalilia maharagwe ya misheni kutoka mti wa mkaratusi hadi barabarani. Mgongo umekatika. Niliungana na wanafunzi wa katekisimu, wote wadogo wa kimo cha kiuno changu, tukajibu pamoja ubatizo ni nini. Mmoja alinisahihisha.

Lakini barua ninayo! Yenye mhuri!

Jumatatu, 12 Septemba.

Barua nyingine! Imeletwa na dereva wa lori. Kutoka kwa Agneta! Nainakili hapa yote.

Bwana Wekoye, salamu. Usikubali kumsimamia mtoto. Mwambie baba una homa. Nyongesa si mjinga. Ni mimi Agneta.

Nimeisoma mara tisa. Mara ya kwanza nilitetemeka kwa sababu mkono wake uliigusa karatasi. Mara ya tisa nikaelewa. Nyongesa si mjinga! Yaani anamsifu! Na nani alimwambia aandike niache kusimamia, kama si Nyongesa mwenyewe, ambaye sasa anajuta kuikataa nafasi? Amemshika mkono msichana wa watu akamwandikisha. Mjanja! Lakini amemkuta mjanja mwenzake.

Nilimpa Kibiwott aisome. Anasoma polepole, akifuata kwa kidole chenye maziwa. Akasema ati huyu mwanamke anakupenda na anakuambia ukweli, kaa na homa yako. Nikamwambia hajui wanawake wa Bungoma. Akasema haya.

Sikujibu barua. Hatua ya kiume.

Ijumaa, 16 Septemba.

Kila kitu tayari. Mshumaa. Kitambaa cheupe. Katekisimu kichwani. Na leo, ajabu! Kifurushi kutoka kwa Nyongesa. Koti! Koti la kijivu, jipya, vifungo vinne, limenikaa kama limezaliwa nami. Ameandika kikaratasi: la msimamizi, avae siku ya heshima yake. Nadhani ameshakata tamaa na anataka nisimwonee baadaye. Sitamwonea. Nitamruhusu ashone nguo za harusi, kwa bei nzuri.

Nilimwomba Bwana Ndevu ruhusa, safari hii bila shangazi. Nikasema ukweli mtupu, naenda kuwa kompadre. Macho yake yalilowa. Akanipiga kofi la mgongoni, nikakohoa, akasema nenda, kompadre! Mimi! Kwenye shamba hili lote, nimekuwa wa pili baada ya Jemadari.

Kibiwott alinishika mkono langoni. Akasema kwao mlimani mtu akitaka kuoa, anakwenda kuoa. Haanzi kwanza kwa kuzaa. Sikumwelewa na lori lilikuwa linapiga honi.

Jumapili, 18 Septemba. Kabuchai.

Naandika kwa penseli, nimekaa nyuma ya ghala la mahindi la Mzee Mukhisa. Nimevaa fulana tu. Nitaeleza.

Asubuhi yote ilikuwa yangu. Kanisani nilisimama mbele na mtoto mikononi. Kanzu ya Nyongesa, koti la Nyongesa, lakini mimi ndiye niliyekuwa mbele! Padri akauliza jina. Mzee Mukhisa akasema Hilari. Hilari! Jina langu! Mtoto akanikojolea kwenye mkono wa koti. Wazee wakasema ni baraka. Nikamkana shetani kwa sauti iliyosikika hadi kwenye miti ya nje.

Boma lilijaa watu. Mbuzi wawili. Pombe kwa wazee, chai ya maziwa kwa wengine. Mzee Mukhisa akanikalisha karibu naye kwenye kiti chenye mgongo, si kwenye benchi. Nyongesa alikaa mbali kabisa, na vijana. Nilimwonea huruma tena.

Kisha Mama Wilkista akasimama. Huyu ni dada ya Mzee Mukhisa, senge wa Agneta. Kwetu senge ndiye mwenye neno katika mambo ya ndoa ya binti wa kaka yake, na huyu ana sauti ya kupura mahindi. Akasema wamesikia neno la Wazungu linapita pita hapa Kabuchai, hata ndugu yake anamwita mbwa kwa neno hilo, sasa karani awaeleze watu linamaanisha nini.

Nilisimama. Ee Mungu, kwa nini nilisimama! Nikafunga vifungo vyote vinne. Nikaanza na ng'ombe elfu kumi. Nikapita kwenye farasi. Nikasema kompadre ni baba wa pamoja. Leo mimi na Mukhisa ni kitu kimoja. Mlango wake ni mlango wangu. Watu wakapiga makofi. Makofi yakanipanda kichwani kama pombe. Nikaongeza ambalo sikulipanga. Nikasema tangu leo, watoto wote wa nyumba hii ni watoto wangu!

Vigelegele! Mama Wilkista ndiye aliyeanza. Mzee Mukhisa alifuta machozi. Akasimama akasema mama yake alimpa dada tu, hakumpa ndugu wa kiume, amelia miaka hamsini, na leo Mungu amemletea ndugu kutoka Kitale. Akakata ile nyama ya mbavu ambayo kwetu hukatiwa ndugu wa mwenye boma peke yao, akanipa kwa mkono wake. Kila mtu akanitazama. Nikaila. Yote. Ilikuwa tamu sana. Kule kwa vijana nilimwona Nyongesa anatazama ubavu unavyokwisha, amefumba midomo, na bega linamtikisika.

Nikapangusa mdomo. Nikaona wakati ndio huu. Nikasema kwa sauti kubwa: kompadre, kwa vile hatunyimani kitu, naomba unipe Agneta awe mke wangu.

Hata kuku waliacha kutembea.

Halafu chungu kikavunjika jikoni. Halafu bibi mmoja akapiga kelele, uuwi, anataka kumwoa mtoto wake! Halafu wote pamoja. Mwiko! Mwiko mkubwa! Ameula ubavu wa ndugu, mafuta bado yako kidevuni, na anataka binti wa ndugu yake! Mama Wilkista alifunika uso wa Agneta kwa leso asinione. Mzee Mukhisa alikaa chini ameshika kichwa. Nilijaribu kueleza. Nikasema neno lenyewe ni la kirafiki, Wazungu humwambia hata maksai! Mzee mmoja akauliza, sasa unamwita ndugu yako maksai?

Wakasema nyumba haiwezi kulala na neno lile. Lazima itakaswe. Lazima kondoo. Kondoo akaletwa, akachinjwa, wakatoa yale majani yaliyosagika tumboni mwake, ya kijani, ya moto, wakampaka msemaji wa mwiko. Msemaji ni mimi. Kichwani, kifuani, mgongoni. Nyongesa alijitolea kushika beseni. Alipokuwa akipita alininong'oneza ati pole sana, baba, koti lile halitoki madoa.

Baba!

Jumatatu, 19 Septemba. Kitale, usiku.

Asubuhi, kabla sijaondoka Kabuchai, Agneta aliniletea maji ya kuoga. Aliweka ndoo chini, akapiga goti kidogo kama binti anavyomsalimu baba yake, akasema mulembe, baba. Sauti yake haikuwa ya dhihaka. Ingekuwa ya dhihaka ningevumilia.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alinitikisia kichwa, aliniandikia barua, na alitia na saini. Alitaka nini zaidi, apige ngoma? Akasema alikuwa amekwisha kumwambia senge wake kwamba karani akija kuuliza siku ya ubatizo, bila maneno mengi, yeye atakubali. Senge naye alikuwa amekubali. Mzee alikuwa karibu kukubali. Nyongesa alikuwa anajua. Kilichobaki ni mimi kuja kuuliza tu. Kwa Kibukusu. Kwa Kiswahili. Kwa lugha yoyote.

Nilimwambia nampenda. Akasema hata yeye, kidogo, tangu siku ya matope. Kisha akasema sasa lazima tuache, kwa sababu mtoto ana jina langu, na yeye hawezi kumbeba Hilari mgongoni na kulala na Hilari nyumbani. Akaondoka. Aliacha sabuni.

Nililia kwenye lori hadi Kimilili. Dereva akaniuliza kama nimefiwa. Nikasema hapana, nimezaa.

Alhamisi, 22 Septemba. Kitale.

Nilimwendea Bwana Ndevu kwa hasira. Nikamweleza yote, hata la kondoo. Alisikiliza vizuri. Mwisho akaniambia habari ya farasi. Kompadre wake wa kule Argentina, wa ubatizo kabisa, alimwomba farasi wake bora kuliko wote. Bwana asingeweza kukataa. Akampa. Juu ya farasi huyo kompadre akaenda akamposa yule msichana ambaye Bwana mwenyewe alikuwa akimtaka. Ndipo Bwana akapanda meli akaja Afrika, na hajapanda farasi tena.

Nikamwuliza, mbona hukuniambia mapema? Akasema, wewe hapana uliza. Kisha, pole sana, kompadre. Tukakaa kwenye ndoo zilizogeuzwa, yeye na mimi, tukautazama mlima. Kibiwott alituletea maziwa. Hakuniuliza mtoto ananiita nani, na mimi nilimshukuru moyoni.

Jumamosi, 1 Oktoba. Kabuchai, kisha Bungoma.

Nimeitwa. Si kama mgeni. Kama ndugu wa Mzee Mukhisa. Posa imekuja na haiwezi kusikilizwa bila baba wote wa msichana kuwapo!

Nilikaa kwenye kile kiti chenye mgongo. Nyongesa akaingia na wazee wake. Amevaa vizuri, mshenzi. Akaniinamia. Nikaamua kumhoji. Nikamwuliza ana ng'ombe wangapi wa maziwa, na kila mmoja anatoa kiasi gani asubuhi na jioni. Hakujua! Nikamwuliza kama anaweza kumtunza binti yangu kwa sindano. Nikamwuliza sakramenti ni ngapi. Alijibu sita, na ni saba! Nikafurahi mno, nikasema posa imekwama. Mama Wilkista akanikanyaga mguu kwa kisigino.

Basi Mzee Mukhisa akanigeukia, akasema, Agneta atajibu, lakini kwanza baba yake mdogo. Akamwita. Agneta akasimama mbele yangu. Akaniuliza, baba, niitike au nikatae? Kila mtu akangoja. Ningeweza kusema kataa. Neno lilikuwa mdomoni. Nilimtazama, naye hakukwepesha macho, akiningojea kwa adabu kabisa, na nikaona kwamba lolote nitakalolisema atalifuata, kwa sababu mimi nilitaka niwe baba na sasa ndiye mimi. Nikasema itika, mwanangu. Sauti ilitoka ndogo sana. Mzee Mukhisa alinishika bega. Mtoto Hilari alikuwa ananyonya kifungo cha shati langu.

Jioni nilipitia Bungoma. Mkwe lazima amwinukie baba mkwe. Nilipita mbele ya lile duka la Mhindi mara saba, kwenda na kurudi, na mara zote saba Nyongesa aliacha cherehani yake akasimama na kuvua kofia. Mara ya nane Mhindi alitoka akaniuliza nimepoteza nini.

Jumapili, 9 Oktoba. Kitale.

Nimepona! Nimekaa nikafikiri, nikaona kosa lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa padri. Mambo ya ubatizo ni mazito, yana maji, yana mhuri. Neno lenyewe halina lawama.

Jumatano alikuja hapa Jelimo, binamu wa Kibiwott, analeta kibuyu cha maziwa lala kutoka Endebess. Ana mwanya. Aliniuliza kofia yangu nimeinunua wapi. Mimi! Kofia yangu! Baba yake ni Mzee Cheruiyot, mkali kidogo, ameshawafukuza wachumba watatu, mmoja kwa mkuki. Mtu kama huyo huwezi kumwendea mikono mitupu.

Lakini leo asubuhi Bwana Ndevu, akisukuma mkokoteni na Jemadari, amekumbuka neno lake la pili la Kihispania. Ermano! Nilimkimbilia na daftari. Maana yake ni ndugu, tumbo moja. Akasema kule kwao ndugu na ndugu ni zaidi ya kompadre, wanakula sahani moja na hawana changu wala chako.

Kesho nakwenda Endebess na mbuzi wangu mwenyewe. Nitamwita Mzee Cheruiyot ermano mbele ya watu wote, nimweleze maana vizuri, tule mbuzi pamoja, aape na mimi niape. Kisha, papo hapo, namwomba Jelimo. Ndugu atamnyimaje ndugu yake?

Nimemweleza Kibiwott. Ameacha kukamua, jambo ambalo sijawahi kuliona. Ameniangalia, ameangalia ndoo, ameniangalia tena. Ameniuliza, na Jelimo atakuita nani?

Swali lile lile! Nimemwambia ataniita apendavyo. Sasa napiga kofia rangi.